Kwa Mkono wa Mwombaji Mwenyewe

Sijapata kukutana na mtu aliyeniudhi kwa muda mrefu, na kwa utaratibu, kama Msimamizi. Alikuwa karani katika ofisi ya elimu pale Homa Bay, na msimu wa mitihani ulipofika yeye ndiye aliyetusimamia sisi watahiniwa wa kibinafsi, yaani watu wazima tuliosoma kwa posta huku tukifanya kazi zetu. Cheo hicho kilimganda hata watu wakasahau jina lake. Mkewe mwenyewe, nimesikia kwa masikio yangu, alimwita Msimamizi. Alikozaliwa na ukoo wake siandiki, kwa sababu hakuwahi kunieleza, na mimi kwa hasira zangu sikuuliza.

Nilikuwa mwalimu wa kike wa shule ya msingi upande wa Migori. Ilikuwa miaka ya sitini, uhuru ukiwa bado mbichi, na kila mwenye kalamu alikuwa anasomea kitu. Mimi nilitaka chuo kikuu. Nilihitaji kufaulu masomo mawili ya kiwango cha juu, Jiografia na Historia, na kichwa cha kuyafaulu nilikuwa nacho. Nilichokosa ni mkono. Ugonjwa wa kupooza ulinipata utotoni ukaufisha mkono wa kulia, na wa kushoto ukaniachia vidole vitatu vyenye nguvu. Ubaoni niliandika vizuri tu, maana pale bega zima linasaidia. Kwenye karatasi vidole vilikauka baada ya ukurasa mmoja, ikabidi nivikande, ningoje, ndipo niendelee. Karatasi ya mtihani ilikuwa maswali manne kwa saa tatu, na mimi kwa saa tatu niliweza mawili na robo tatu.

Kwa hiyo nilihitaji muda wa ziada, na mlango wa kuuombea ulikuwa mmoja tu, meza ya Msimamizi.

Meza yenyewe ilikuwa kitu cha kutazamwa. Wino kushoto, mihuri kulia, katikati hakuna kitu. Hakutupa karatasi hata moja. Bahasha iliyokwisha kazi aliigeuza ndani nje akaandikia tena. Alizungumza Kijaluo sokoni, kanisani na njiani, lakini ukivuka kizingiti cha ofisi yake ni Kiswahili, hata kama mnatoka kijiji kimoja. "Hapa watu wanakuja Wajaluo, Wakuria, Wasuba," alisema. "Ofisi iko na lugha yake. Hapa hapana jikoni." Ukimsalimia kwa Kijaluo alikutazama tu mpaka usalimie upya.

Neno lake kubwa lilikuwa "barua". Jambo lisilo na barua kwake halikuwapo. Niliwahi kuhudhuria matanga huko Sindo ambako familia ilimkabidhi kupanga wasemaji, na kwetu watu wanajua kusema matangani. Msimamizi alimpa kila mtu dakika tano. Kaka wa marehemu alikuwa bado kwenye safari yao ya kwanza ya kuvua samaki wakiwa vijana, hajafika hata ufuoni, Msimamizi akasimama akamwambia, "Asante, keti." Mtu mzima akaketi, mdomo wazi. Wanawake waliguna, wazee wakanung'unika, na Msimamizi akaita jina lililofuata. Baadaye nilimuuliza kwa nini hakumwonea huruma hata mfiwa. Akajibu kwamba wafiwa walikuwa kumi na tisa na jua lilikuwa moja.

Msidhani alikuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningepumzika, ningemchukia nikamaliza. Kulikuwa na mtahiniwa mmoja wa Magunga aliyetembea kwa magongo, na madawati ya chumba cha mtihani hayakumruhusu kuingiza miguu. Msimamizi alitoa Jumapili yake nzima akamkatia meza kwa msumeno wake mwenyewe, akaipima mara mbili, akailainisha kingo. Kisha akaenda chooni, akaona ngazi ya choo iko juu mno, akabeba mawe akapanga nyingine mbele yake. Hakuna aliyemwomba. Nilipomsifu alishangaa. "Meza haina kanuni," aliniambia. "Choo pia haina. Hapo mtu anafanya tu." Pale kanuni iliponyamaza, alikuwa na roho ya baba. Pale iliposema neno moja, hata nusu neno, ungelia mpaka machozi yaishe.

Na kulikuwa na jambo la Sabato. Yeye alikuwa Msabato wa kweli, na kila mwaka karatasi moja iliangukia Jumamosi. Watahiniwa Wasabato waliwekwa pamoja kanisani tangu asubuhi wasionane na waliokwisha kufanya, wakaimba nyimbo zao hadi jua lizame, ndipo wakaandika karatasi yao kwa taa. Mimi Mkatoliki niliyafikiria hayo kwa juma zima, kisha nikapanda basi kutoka Migori kwenda kumuuliza.

"Jaduong'," nilisema, yaani mzee, neno pekee la Kijaluo alilolivumilia ofisini, "mtihani ni mmoja, saa ni moja, na bado Wasabato mnasogezewa. Mbona mkono wangu hausogezewi?"

"Sabato iko na barua," alisema, akavuta droo akanionyesha. Kweli ilikuwapo, ya zamani, imeshonwa kwa uzi kwenye jalada. "Wewe barua yako iko wapi?"

"Nimekuja ili unisaidie kuipata."

"Basi ungesema hivyo." Akafungua droo nyingine akanipa fomu.

Sasa nieleze fomu hiyo, kwa sababu hadi leo nikiikumbuka damu inanichemka. Ilikuwa ya kurasa nne, ya kumwombea muda wa ziada mtahiniwa asiyeweza kuandika kama wengine. Juu kabisa, kwa herufi nene, iliagiza ijazwe kwa mkono wa mwombaji mwenyewe. Nilidhani nimesoma vibaya. Nikamwambia Msimamizi kwamba fomu hii ni ya watu ambao mikono yao haifanyi kazi.

"Ndiyo."

"Na inataka waijaze kwa mikono yao."

"Ndiyo."

"Huoni kitu hapo?"

Akaichukua, akaisoma tena polepole kutoka juu, akaigeuza nyuma. "Naona," alisema. "Hata hivyo imeandikwa."

Niliijaza kwa siku mbili. Nikampelekea. Akaikataa kwa sababu wino ulikuwa umevuja kwenye jina la shule, akaitia kwenye droo, akanipa nyingine. Nikaijaza. Akaikataa kwa sababu herufi za sehemu ya ugonjwa zilitoka nje ya kisanduku. Mara ya tatu nilikuwa nimetia saini mahali pa tarehe. Kila fomu ilinichukua siku mbili na vidole kuvimba, na kila mara nilipanda basi nikifika Homa Bay nimefunika mkono kwa leso. Nilimsihi aipokee vile ilivyo. Alikataa katakata. Alisema wakubwa wa ng'ambo wakiona uchafu watasema watu wa huku hawako tayari kwa masomo makubwa, na yeye hatakuwa njia ya aibu hiyo. Mara ya nne niliandika herufi moja baada ya nyingine kama mtu anayepanga mbegu, kwa siku tano. Msimamizi aliishika ile fomu kwa ncha za vidole, akaitazama, na kwa mara ya kwanza nikamwona akifurahi.

"Sasa hii ni fomu," alisema. Akaiweka katikati ya kadi mbili ngumu isije ikakunjika njiani.

Jibu la baraza la mitihani la ng'ambo lilikuja baada ya miezi. Aliniita akanisomea, akilitafsiri akiwa amesimama. Baraza lilikuwa limeipitia fomu. Lilikuwa limeona kwamba imejazwa kwa mkono wa mwombaji mwenyewe, kwa mwandiko safi unaosomeka bila shida yoyote. Kwa hiyo halikuona sababu ya kumwongezea mwombaji huyu muda. Na mwombaji asilete tena ombi hilohilo bila ushahidi mpya.

Nilimtazama, naye akaitazama barua. Nilingoja aseme samahani, au aseme lolote la kibinadamu.

"Mwandiko kweli ilikuwa safi," alisema.

Nilitoka bila kuaga. Nilitembea hadi kituo cha basi nikiongea peke yangu, na watu wakanipisha njia.

Mwaka ule nilifanya mtihani kama watu wenye mikono miwili. Jiografia nilifaulu kwa kubahatisha, maana ilikuwa na ramani nyingi na maneno machache. Kwenye Historia kengele ililia nikiwa katikati ya swali la tatu, katikati ya neno. Niliendelea kuandika. Nikasikia viatu vyake. "Weka kalamu chini, Mwalimu." Nikaishikilia karatasi, naye akaivuta. Tulivutana mbele ya wanaume ishirini hivi, na mimi nikalia, na yeye akainyoosha ile karatasi kwa kiganja mahali nilipoikunja, akaitia kwenye bahasha pamoja na nyingine. Historia nikaanguka.

Mwaka wa pili ulikuwa mbaya zaidi. Nililipia Historia tena nikijua sitamaliza, kwa ukaidi tu. Safari hii Msimamizi hakukaa mbele kama kawaida. Alisogeza kiti chake hadi hatua mbili kutoka kwenye meza yangu, akatoa daftari, akanitazama kwa saa tatu. Nilipoacha kuandika ili nikande vidole, alitazama saa yake akaandika kitu. Nilipoanza tena, akaandika. Wengine nyuma wangeweza kubadilishana vitabu kama wangetaka, yeye macho yote kwangu. Nilihisi kama mwizi. Jasho lilinitoka, vidole vikakauka mapema kuliko siku zote, na nikaandika kidogo kuliko mwaka uliotangulia. Kengele ilipolia alinyoosha mkono, nami nikampa karatasi bila kumwangalia usoni.

Niliporudi Migori nilikaa siku tatu nikaandika barua ya kumshtaki. Nilisema msimamizi huyu aliniandama mimi peke yangu kwa sababu ya kilema changu, akanivuruga, akanikosesha mtihani. Kisha nikagundua kwamba mashtaka ya mtahiniwa lazima yapitie ofisi ya elimu ya wilaya yake, na meza inayoyapokea ni moja tu. Mnajua ni ya nani.

Nilimwekea mbele yake nikasimama. Aliisoma yote. Kisha akachukua penseli.

"Hapa umesema nilikusumbua," alisema. "Sumbua namna gani? Andika: alisimamisha kiti hatua mbili, kwa saa tatu. Hapa umesema mara nyingi. Mara ngapi?"

"Jaduong', hiyo barua ni ya kukushtaki wewe."

"Nimesoma."

"Na wewe unanisahihishia?"

"Ikienda mbaya watairudisha. Halafu utasema ni mimi nimeirudisha." Akazihesabu kurasa. "Nakala ziko wapi? Hii inataka nakala tatu."

Nilimwambia kwamba kwa vidole vyangu nakala tatu ni siku tisa. Akafikiri. Kisha akavuta mashine ya chapa, akatia karatasi na karatasi za kaboni, na kwa vidole viwili, tak, tak, tak, akapiga mashtaka yake mwenyewe kutoka mwanzo hadi mwisho, pamoja na masahihisho. Hakuruka hata neno "katili" nililoliweka mwishoni kwa hasira. Aliniuliza tu kama nataka libaki. Nikasema libaki. Akagonga muhuri, akatia saini, akanipa nakala moja. Nilisimama nje ya ofisi ile sijui nicheke au nirushe jiwe dirishani.

Miezi ilipita, Historia nikaanguka tena, kisha barua mbili zikaja kwa siku moja. Ya kwanza ilinipa saa moja na nusu ya ziada katika kila karatasi nitakayofanya. Ya pili ilisema mitihani ya Homa Bay itakuwa na msimamizi mpya. Nilishangilia shuleni mbele ya walimu wenzangu. Nilisema, mnaona kazi ya barua moja? Mzee ameng'olewa na mimi nimepata haki yangu. Mwaka wa tatu nilikaa na kijana mpole aliyesinzia mara kwa mara, nikafaulu Historia vizuri, na chuo kikuu kikanipokea.

Huko chuoni nilidhani taabu zimekwisha. Wapi! Mtihani wa kwanza ulipokaribia nilikwenda kwa bwana wa usajili kuomba muda, akaniuliza swali lilelile nililolijua kwa harufu, kama kuna kanuni gani. Chuo kilikuwa na kanuni za kofia na kanuni za kuchelewa lango, lakini mkono wa mwanafunzi hakuna aliyekuwa ameuwazia. Mwanafunzi mmoja asiyeona alikuwa akisomewa vitabu na rafiki zake jioni, kwa hisani tu, na rafiki wakichoka basi amekosa. Bwana wa usajili akasema kwa bahati nzuri baraza la mitihani limetuma jalada langu, tulitazame. Akalifungua mezani.

Ya kwanza ilikuwa fomu yangu iliyovuja wino. Halafu ile iliyotoka nje ya kisanduku, halafu ile ya saini. Alikuwa amezihifadhi zote, na pembeni mwa kila moja ameandika siku niliyoichukua na siku niliyoirudisha. Nyuma yake zilifuata kurasa za daftari. Saa tatu na dakika arobaini, ameacha kuandika, anakanda vidole, dakika sita. Saa nne kasoro dakika kumi, mistari miwili, ameacha. Hivyohivyo kwa saa tatu nzima, dakika kwa dakika, na mwisho amezijumlisha: zaidi ya nusu ya muda wa mtihani mtahiniwa hakuwa akiandika, na sababu ilikuwa mkono wake. Chini kabisa aliandika kwamba fomu ya mwaka uliotangulia ilikuwa safi kwa sababu yeye alimlazimisha mwombaji kuiandika mara nne, na kwamba kosa hilo ni la msimamizi, si la mtahiniwa, na kwamba siku hiyo hakuwatazama watahiniwa wengine.

Karatasi iliyofuata ilikuwa mashtaka yangu, yamepigwa chapa, neno "katili" likiwa mahali pake. Na nyuma ya hayo barua fupi ya baraza: msimamizi aliyekiri kuwaacha watahiniwa wengine bila kutazamwa ili amtazame mmoja, na ambaye mtahiniwa huyo mwenyewe amemlalamikia, asisimamie mitihani tena.

Bwana wa usajili aliniuliza kama naumwa. Nikasema hapana. Alinipa muda wa ziada kwa miaka yote ya masomo yangu, na yule mwanafunzi asiyeona tulimwandikia ombi lake kwa mfano wa langu, naye akapata msomaji rasmi. Sikuweza kufurahi kama inavyostahili.

Likizo ndefu ya mwaka huo nilikwenda Oyugis, ambako alikuwa amestaafia. Nilimkuta uani na mkewe wakimenya njugu kwenye ungo. Alikuwa amekonda. Alinipa kigoda, mkewe akaniletea uji, tukazungumza Kijaluo, nami nayaandika hapa kwa Kiswahili.

"Nimekuja kuomba msamaha, Jaduong'."

"Wa nini?"

"Wa ile barua."

"Uliyoyaandika yalikuwa ya kweli?"

"Yalikuwa ya kweli, lakini sikujua—"

"Basi hakuna msamaha hapo." Akaendelea kumenya.

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kuwa mnyenyekevu, na hata uji haujapoa nikaona hasira zinapanda. "Kwa nini hukuniambia? Neno moja tu. Ungesema, Mwalimu, nakutazama kwa faida yako."

"Ningekuambia, ungeandika polepole."

"Nisingeandika polepole!"

"Ungeandika. Hata bila kutaka. Halafu ningeapaje kwamba niliyoyaona ni ya kweli?"

"Ungenitazama hata kwa huruma kidogo, basi, nisikuone kama adui!"

Mkewe alicheka mpaka njugu zikamwagika. "Mwambie, nyar'wa," alisema, yaani binti yetu. "Mwambie. Mimi nimemwambia tangu aniletee mahari."

Msimamizi aliziokota njugu moja moja. Nikamuuliza kama alijutia kuipoteza ile kazi ya kusimamia. Akaendelea kuokota. Mkewe aliacha kucheka, akautazama ungo, akasema taratibu kwamba msimu wa mitihani ukifika huwa halali vizuri. Nilijisikia vibaya, nikataka kuondoka.

"Mwaka ule wa tatu sikuwapo," Msimamizi alisema.

"Hukuwapo."

"Ile saa moja na nusu, walikupa yote?"

"Yote."

"Maswali manne?"

"Manne."

Akaweka njugu chini. "Ulimaliza?"

"Nilimaliza, Jaduong'. Zikabaki dakika kumi na moja."

"Ngapi?"

"Kumi na moja."

Alizitaja tena mwenyewe kwa sauti ndogo, kisha akaniuliza nilizifanyia nini. Nikamwambia ukweli, kwamba sikuzifanyia kitu. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nimeandika yote niliyoyajua na kalamu iko chini kwa hiari yangu, nikakaa tu nikitazama dirishani.

Machozi yalikuwa yanamtiririka mashavuni wala hakuyafuta. Alinitazama kwa ukali uleule wa miaka yote.

"Mwalimu," alisema, "mtu akibakiwa na dakika kumi na moja anasoma tena majibu yake."